Moyo na Mapafu ya Kijana Kabla ya Kuingia Uwanjani

Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni mwenye umri wa miaka 28, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, bila kuguswa na mtu, akafariki muda mfupi baadaye. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa msuli wa moyo wake ulikuwa umezidi unene. Hali hiyo kwa kawaida hurithiwa, na mwenye nayo aweza kuishi miaka mingi akionekana mzima.

Vifo vya namna hii ni nadra, na mazoezi hubaki kuwa kinga kubwa ya afya. Hata hivyo, mazoezi makali yaweza kuamsha hitilafu iliyojificha. Ndiyo maana Italia, tangu mwaka 1982, huwataka wanamichezo wa mashindano wapimwe, pamoja na kupimwa umeme wa moyo. Katika mkoa wa Veneto, vifo vya ghafla miongoni mwao vilishuka kutoka 3.6 hadi 0.4 kwa kila wanamichezo 100,000 kwa mwaka, kati ya 1979 na 2004.

Penye uhaba wa vifaa, uchunguzi huanza kwa maswali. Je, kijana amewahi kuzimia au kuumwa kifua akiwa mazoezini? Yupo ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50? Kisha hupimwa shinikizo la damu, na moyo husikilizwa akiwa amelala, halafu akiwa amesimama. Mvumo unaoongezeka anaposimama huleta shaka ya msuli mnene. Afrika Mashariki, mvumo waweza pia kutokana na valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo utotoni.

Mapafu nayo yasisahauliwe. Kijana anayekohoa au kubanwa kifua kila amalizapo kukimbia mara nyingi huambiwa hana pumzi, kumbe huenda ana pumu inayoamshwa na mazoezi. Kupuliza kwenye kipimo cha pumzi kabla na baada ya kukimbia husaidia kuibaini. Akipata dawa ya kuvuta inayomfaa, wengi wa aina yake huendelea kucheza.

Lakini aliyezimia katikati ya mbio asirudishwe uwanjani kwa kumwagiwa maji na kupewa glukosi. Apumzishwe, apewe rufaa, na asicheze tena mpaka moyo wake upimwe. Mechi moja ikimpita, nyingine itakuja.