Wageni wa Jumamosi wanaiachia Ngong nini?

Jumamosi asubuhi na mapema, vituo vya mafuta kando ya Barabara ya Argwings Kodhek hugeuka vituo vya safari. Vijana wenye mikoba mgongoni na chupa za maji husubiri matatu ya kukodi iwapeleke milima ya Ngong, Longonot, Hell's Gate, au iwateremshe kupitia Kona Baridi hadi Olorgesailie na Ziwa Magadi. Jioni hurudi mtaani Hurlingham, Nairobi, na vumbi viatuni na picha tele kwenye simu. Wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kuilipia safari ya aina hii, kwa hiyo hakuna haja ya kueleza inavyokwenda. Kisichoelezwa mara nyingi ni pesa hizo huishia mfukoni mwa nani. Mji mdogo unaotembelewa, na Ngong ndio ulio karibu zaidi nasi, huambulia makombo ingawa wageni hawakosekani. Utaratibu mzima wa kuhesabu, kutoza ada na kutoa leseni ulitungwa kwa ajili ya mgeni mwingine kabisa, yule anayeshuka kwenye ndege na kulala hotelini.

Muulize ofisa yeyote wa serikali hali ya utalii ikoje, naye atakujibu kwa tarakimu mbili. Mwaka 2024, atasema, Kenya ilipokea takriban wageni milioni 2.4 kutoka nje, na sekta ikaingiza Sh452 bilioni. Baada ya hapo atakukumbusha shabaha ya wageni milioni tano kufikia 2027. Hatuna sababu ya kudai tarakimu hizo ni za uongo. Tatizo ni kazi zinazobebeshwa. Gawanya mabilioni hayo kwa idadi ya wageni na utapata wastani wa takriban Sh188,000 kwa kila kichwa, kiasi ambacho hakifanani hata kidogo na matumizi ya mtu wa Kilimani aliyepanda Ngong asubuhi, akala mahindi choma na kurudi kwake kabla ya giza. Mkenya huyo naye hupimwa kwa idadi ya usiku aliolala kwenye kitanda cha hoteli. Asiyelala hotelini hayumo katika hesabu hiyo. Ofisa anaposema utalii wa ndani umepanda au umeshuka, kwa kiasi kikubwa anazungumzia vitanda, na msafara wa Jumamosi hauna kitanda. Shabaha ya milioni tano kwa hiyo inaweza kutimia au isitimie, na muuza chai aliye chini ya mlima asione tofauti yoyote.

Waandaaji wa safari wenyewe wana lalamiko lao, na yafaa lisikilizwe kwa kirefu hata kama nusu yake ina walakini. Mmoja wao, mwenye ofisi ndogo Hurlingham na ambaye jina lake tunalihifadhi, anasema sheria inamwadhibu kwa kuitii. Chini ya Sheria ya Utalii ya 2011 analazimika kuwa na leseni ya kuendesha biashara hiyo. Gari lake lazima liwe na kibali cha kubeba abiria na bima inayolingana nacho, tena alipie kibali cha biashara cha kaunti na kodi ya ofisi katika mtaa ambao kodi zake zinajulikana. Mpinzani wake hana ofisi wala leseni. Ana kikundi cha simu chenye mamia ya wanachama, bango lililochorwa kwenye simu hiyo hiyo, na matatu aliyoikodi kwa siku moja. Bei anayotangaza huyo, mwenye leseni akiifuata atalala njaa. Lalamiko la pili ni la langoni: ada siku hizi hulipwa kupitia mtandao wa serikali, na mtandao ukigoma, abiria thelathini husimama juani wakimlaumu yeye, si serikali. La tatu ni mvua. Masika yakianza, wateja hudai kurudishiwa pesa alizokwisha kumpa mwenye gari.

Lalamiko la mtandao lina uzito. Mwaka 2025 mvutano kuhusu namna ya kukusanya ada za msitu wa Karura ulifika hadi mahakamani, dalili kwamba si wafanyabiashara wadogo peke yao wanaotilia shaka njia hiyo. La wapinzani wasio na leseni ni gumu zaidi kulimeza. Vikundi hivyo vya simu ndivyo vilivyowafundisha Wanairobi kupanda milima wikendi badala ya kukaa kwenye baa, na bila bei yao ya chini soko lenyewe lingekuwa la watu wachache wenye magari makubwa. Anayetaka vifungwe aseme kwanza wateja hao watakwenda wapi. Dawa ya haki ingekuwa leseni nyepesi kwa anayeandaa safari za siku moja, yenye sharti la bima na mtu anayejua huduma ya kwanza, iliyo rahisi kuliko ile ya kampuni inayopeleka wageni Mara kwa wiki nzima.

Turudi Ngong. Mji huo una kila kitu ambacho mtembezi anakitaka: mlima wenye kilele cha mita 2,460, mitambo ya upepo inayoonekana kutoka mbali, Bonde la Ufa upande mmoja na majengo ya Nairobi upande wa pili, na nyama choma njiani. Mtembezi hulipa ada kwenye lango la msitu, na anayekwenda mbali kwenye vilima humlipia pia askari wa msitu wa kumsindikiza, maana historia ya uporaji huko haijasahaulika. Lakini msitu uko chini ya serikali kuu, na ada yake huenda huko. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti jukumu la utalii wa mashinani, bila kuipa mapato ya lango. Linganisha Kaunti ya Kajiado, ulipo mji huo, na jirani yake Narok, ambako Maasai Mara ni hifadhi ya kaunti na ada za wageni huingia kwenye hazina ya kaunti. Kajiado inabaki na takataka, msongamano wa magari na ada za maegesho. Mwenye kibanda na mwenye nduthi ndio wanaopata shilingi ya moja kwa moja, nao huipata pale tu gari la kukodi linaposimama mjini. Magari mengi hayasimami. Hupitiliza hadi langoni, abiria wakiwa na vyakula walivyonunua kwenye supamaketi za Hurlingham.

Watetezi wa utaratibu wa sasa watasema mtembezi huyu wa siku moja hastahili kusumbukiwa. Mgeni wa nje analeta fedha za kigeni, na nchi yenye madeni inazihitaji. Ni kweli, na hakuna anayependekeza aachwe. Ila wageni hao hawafiki Ngong kwa wingi. Wengi wao hupita kwenda mbuga kubwa au pwani, na matumizi yao hubaki huko na Nairobi. Anayefika ni Mkenya, tena hurudi mara nyingi kwa mwaka, hata katika majira ambayo hoteli za pwani ziko tupu. Pingamizi jingine lina nguvu zaidi: serikali ikianza kumhesabu, itaanza kumtoza. Wanairobi wana haki ya kuogopa hilo, maana tozo mpya nchini mwetu mara nyingi hufika kabla ya huduma.

Wengine hupenda kutuonyesha vijiji vya Ufaransa, ambako mji wa watu elfu mbili huishi kwa watembeaji na waendesha baiskeli. Mfano huo usaidie pale tu unapofaa. Tangu 1910 sheria ya huko imeruhusu miji kutoza kodi kwa kila usiku mgeni anaolala, na mapato hutumika na mji wenyewe kwa mambo ya utalii. Anayekuja na kurudi siku hiyo hiyo haigusi kodi hiyo, kwa hiyo hata wao hawajalitatua fumbo letu. Walichotuzidi ni njia za miguu: zaidi ya kilomita 60,000 zenye alama za rangi nyeupe na nyekundu, nyingi zikipakwa upya na watu wa kujitolea, na zikipita katikati ya vijiji ambako kuna duka na mkahawa. Njia za Ngong huanzia langoni na kukwepa mji. Kuchora njia inayoanzia sokoni kungegharimu rangi na vibao, na kungefanya kazi kuliko kongamano lolote hotelini.

Mbele kuna matumaini yenye masharti. Reli ya kisasa ina kituo Ngong tangu 2019, lakini mkazi wa Hurlingham anayeitaka treni hiyo lazima kwanza avuke jiji hadi Syokimau, jambo ambalo waliopanga reli hawakuliona kuwa kichekesho. Usalama nao unaweza kuharibu yote: mafuriko ya ghafla yaliua watu kwenye korongo la Hell's Gate mwaka 2012 na tena 2019, na waandaaji wengi bado husafirisha makundi bila kuangalia utabiri wa hali ya hewa. Hali ya uchumi ikibana zaidi, safari ya Jumamosi huenda ikawa ya kwanza kufutwa kwenye bajeti ya nyumbani. Huenda pia ikachukua nafasi ya likizo ya pwani isiyowezekana tena, na biashara ikakua. Yote mawili yanawezekana. Kwa sasa, msomaji anayetaka pesa zake zibaki Ngong asisubiri sera: apande matatu nambari 111, ashuke mjini, ale hapo, na amlipe mwelekezi wa hapo hapo mkononi.