Gacaca, Inyangamugayo na Abunzi: Majina ya Haki katika Rwanda Baada ya 1994

Nchi itokapo vitani hujenga upya vitu viwili kwa wakati mmoja: vyombo vya haki, na maneno ya kuviitia vyombo hivyo. Kazi ya kwanza hutazamwa na wanasheria. Ya pili aghalabu haitazamwi na mtu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Rwanda ilivyounda mahakama, kamati za upatanishi, polisi na utumishi wa umma baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na kuyapima majina yaliyochaguliwa.

Sababu za kulieleza jambo hili kwa Kiswahili ni mbili. Kwanza, Kinyarwanda na Kiswahili ni lugha za shina moja la Kibantu, na mengi ya majina haya hujifunua yenyewe kwa mtu ajuaye kanuni za sauti. Pili, mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Basi mfasiri atakapotakiwa kuziandika sheria hizi kwa Kiswahili, yampasa ajue uzito wa kila neno kabla ya kulitafutia mwenzake.

Hali ya nchi

Mauaji yalianza 7 Aprili 1994 yakaendelea hadi katikati ya Julai. Waliouawa walikuwa Watutsi kwa wingi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Umoja wa Mataifa hutaja watu 800,000. Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja. Mahakimu na makarani wa mahakama wengi waliuawa au walikimbia, na wengine walikuwa wenyewe washtakiwa. Magereza yalijaa kupita kiasi: kufikia mwisho wa miaka ya tisini watu zaidi ya 120,000 walikuwa kizuizini wakingoja kusikilizwa.

Sheria ya 30 Agosti 1996 iliwagawa washtakiwa mafungu manne kwa kadiri ya uzito wa matendo yao, na kesi zikaanza Desemba ya mwaka huo. Lakini hesabu haikudanganya. Kwa mwendo wa mahakama za kawaida kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka mia. Asiye na hatia angefia gerezani kabla ya kuitwa jina lake, na mjane aliyetaka kujua mifupa ya watu wake ilitupwa wapi angezikwa kabla ya kujibiwa. Hapo ndipo viongozi walipogeukia neno la kale.

Arusha na ugumu wa tafsiri

Kabla ya kulitazama neno hilo, yafaa tutazame kwanza mahakama nyingine iliyokaa katika nchi ya Waswahili. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda tarehe 8 Novemba 1994, nayo ikafanya kazi Arusha hadi mwisho wa 2015, ikiwa imewashtaki watu 93. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, hali mashahidi wengi walinena Kinyarwanda. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba, neno la shahidi lilitoka Kinyarwanda likaingia Kifaransa, na kutoka Kifaransa likaingia Kiingereza. Hukumu ilitolewa 2 Septemba 1998. Ilikuwa ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ya kwanza kuamua kwamba kunajisi kwaweza kuwa tendo la mauaji hayo.

Wanaisimu watapendezwa kujua kwamba hukumu hiyo ina sehemu nzima juu ya maana za maneno, na kwamba mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aliitwa kutoa ushahidi. Neno inyenzi, lililo karibu kwa sauti na nyenje wetu, maana yake ni mende. Katika miaka ya sitini waliitwa hivyo wakimbizi wenye silaha walioshambulia kutoka nje, na baadaye likatupiwa Mtutsi yeyote. Neno ibyitso, umoja wake icyitso, ni la ngeli ya ki-vi, na Kiswahili kina neno linalolingana nalo kwa maana na kwa ngeli pia, nalo ni vibaraka. Mwanzo lilimtaja amsaidiaye adui. Kisha likapanuka hata likamfunika mtu asiyetenda lolote. Neno Interahamwe lina hamwe ndani yake, ambalo kwa sehemu zake ni pamoja yetu: ha- ni pa-, na -mwe ni -moja, jumla yake ni watendao au washambuliao pamoja. Basi hakimu asiyejua neno lilimaanisha nini mwaka ule, na katika kinywa kile, hawezi kuamua kama aliyelitamka aliamrisha watu wauawe.

Ugumu ulizidi katika kesi za kunajisiwa. Mashahidi walitumia maneno manne kwa kubadilishana: gusambanya, yaani kumwingiza mtu katika uasherati, kurongora, ambalo kwa asili ni kuoa, kuryamana, yaani kulala pamoja, na gufata ku ngufu, ambalo Mswahili hulisikia karibu lote: kukamata kwa nguvu. Wakalimani waliyafasiri yote manne kwa neno moja. Wangeyafasiri kwa maana ya asili, ushahidi wa mwanamke aliyesema kurongora kwa haya ungesomeka kama habari ya ndoa. Mahakama iliwauliza wakalimani wake, ikayapima maneno kwa hali yalimosemwa, ikayakubali. Hapa twaona wazi kwamba haki ya mtu yaweza kusimama au kuanguka kwa kitenzi kimoja.

Gacaca

Jina gacaca latokana na agacaca, majani mafupi ambapo watu wa mlima mmoja waliketi kusuluhisha ugomvi wa mifugo, mipaka na urithi. Kwa upande wa sauti, kiambishi chake ni aka- cha udogo, ambacho Kiswahili sanifu hakikukitunza katika ngeli zake. K imegeuka g kwa sababu yafuatwa na konsonanti isiyo na mtetemo. Ndiyo Kanuni ya Dahl, iliyopewa jina la mmisionari aliyeishi Unyamwezi. Kwa hiyo neno lenyewe lina unyenyekevu ndani yake: ni mahali padogo, pa majirani.

Sheria ya Januari 2001 ililichukua jina hili ikalivika kazi nyingine. Mahakimu wapatao robo milioni walichaguliwa na raia Oktoba 2001. Majaribio yakaanza Juni 2002. Sheria ikabadilishwa Juni 2004. Na mahakama hizo, zipatazo 12,000, zikafungwa rasmi 18 Juni 2012. Hesabu ya serikali ni kesi 1,958,634: za fungu la kwanza, yaani wapangaji na viongozi, 60,552, za wauaji na waliojeruhi 577,528, na za wizi na uharibifu wa mali 1,320,554. Msomaji ataona kwamba theluthi mbili ya kesi zilikuwa za mali. Hili halishangazi, kwa kuwa aliyebaki hai alirudi akakuta mabati yake, ng'ombe wake na milango yake kwa jirani, naye alipaswa kuishi tena kando ya jirani huyo.

Lakini gacaca ya kale na gacaca ya sheria ni vitu viwili. Ya kale haikufunga mtu gerezani; iliamuru fidia, na mwisho wake ulikuwa pombe inywewayo pamoja. Ya sheria iliweza kutoa kifungo cha miaka 30, na tangu 2008 kifungo cha maisha pia. Katika ya kale wanawake hawakuketi kuhukumu. Katika mpya walichaguliwa kwa wingi. Ya kale ilikusanyika kwa hiari. Mpya iliwalazimu raia kuhudhuria. Mawakili hawakuruhusiwa. Tena sheria ya 2004 iliyaondoa makosa ya kivita, kwa hiyo malalamiko ya waliofiwa kwa mikono ya askari wa jeshi lililoshinda hayakuwa na mahali katika majani yale.

Hapa ndipo penye nguvu na hatari ya jina la kale. Nguvu yake ni kwamba mwanakijiji alilielewa bila kufasiriwa, na hakuiona mahakama kuwa kitu cha wageni. Hatari yake ni kwamba jina la upole hufunika ukali wa chombo. Yaliyosifiwa na yaliyolaumiwa yote ni ya kweli: maelfu ya mifupa ilifukuliwa kwa sababu mtu alisimama akaonyesha shimo, na wafungwa wasio na hatia walirudi kwao, tena wako waliosingiziwa kwa ajili ya mashamba, na mashahidi waliouawa kwa sababu walisema.

Inyangamugayo na toba

Mahakimu hao, 19 kwa kila baraza hapo mwanzo na 9 baada ya 2004, waliitwa inyangamugayo, yaani waichukiao aibu: kwanga ni kuchukia, na umugayo ni lawama au fedheha. Hawakulipwa mshahara. Jina hili halitaji elimu wala cheo, bali tabia. Na kwa sababu hiyo lilimfunga aliyelichukua. Si wachache walioondolewa baada ya kushtakiwa wao wenyewe.

Sheria ilimpunguzia adhabu mshtakiwa atimizaye mambo manne: kwirega, kwemera icyaha, kwicuza na gusaba imbabazi. Neno la kwanza lina -i- ya kujirejea, sawa na -ji- yetu: kujishtaki. Neno icyaha ladai uangalifu mkubwa. Kiswahili, kwa msaada wa Kiarabu, hutenga dhambi na jinai. Kinyarwanda hutaja zote mbili kwa icyaha, na kwicuza ni neno la toba ya kanisani pia. Basi mtu aliyesimama mbele ya gacaca alitakiwa, kwa pumzi moja, kukiri kosa la sheria na kutubu dhambi. Mfasiri akiandika "kukiri kosa" amepoteza nusu ya maana. Akiandika "kutubu dhambi" ameifanya mahakama kuwa kanisa. Kadhalika tuangalie kwamba sheria iliagiza kuomba msamaha. Haikumwamuru aliyefiwa kuutoa. Tofauti hiyo ndiyo iliyomlinda mjane, na haifai kupotea katika tafsiri.

Abunzi, polisi na kazi ya umma

Kwa ugomvi wa kila siku Katiba ya 2003 na sheria ya 2004 ziliweka kamati za abunzi. Asili yake ni kunga, ndugu wa kuunga kwetu, na g imegeuka z mbele ya kiambishi cha mtendaji, sawasawa na jenga na mjenzi. Mwunzi ni aungaye kilichovunjika, mfano wa mfupa. Neno wapatanishi lafaa, ingawa halina picha hiyo.

Polisi ni habari nyingine. Kabla ya 1994 palikuwa na majeshi matatu: jendarmeri chini ya wizara ya ulinzi, polisi wa mahakama chini ya wizara ya sheria, na polisi wa komuni walioamriwa na mkuu wa komuni. Nguvu hiyo ya mwisho ndiyo aliyokuwa nayo Akayesu huko Taba. Sheria ya Juni 2000 iliyaunganisha yote kuwa Polisi ya Taifa, na tangu 2018 upelelezi umetengwa katika idara yake. Silaha iliondolewa mkononi mwa mkubwa wa kijiji. Lakini yapasa kukumbuka kwamba ilipoondoka huko ilikusanyika makao makuu. Kwa majina, hapa Kinyarwanda hakikutafuta la kale: polisi na gereza ni maneno ya kigeni, na umusirikare, yaani askari, latokana na serikali ya Kiswahili. Dola ilipofika kwa bunduki, ilikuja na msamiati wake.

Katika utumishi wa umma majina ya kale yalirudi tena. Imihigo, viapo vya mashujaa mbele ya mfalme, tangu 2006 ni mikataba ya kazi ambayo wakuu wa wilaya hutia sahihi mbele ya Rais. Umuganda, nguzo ya kujengea nyumba, ni kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Neno hili lina kovu: lilifanywa mpango wa serikali mwaka 1974, na mwaka 1994 kuua kuliitwa kazi. Kulirudisha neno lililochafuliwa kulihitaji ujasiri, na bado kwahitaji uangalizi.

Hitimisho

Kwa mfasiri wa Kiswahili twashauri mambo matatu. Kwanza, gacaca, abunzi na inyangamugayo yaachwe kama yalivyo na kuelezwa. "Baraza la wazee" ni kosa, maana hawakuwa wazee tu, wala baraza hilo halikuwa la usuluhishi tu. Pili, icyaha lifasiriwe kwa mahali pake, si kwa neno moja daima. Tatu, maneno ya chuki, kama inyenzi na ibyitso, yaandikwe pamoja na mwaka wake na msemaji wake, kwa kuwa bila hayo hayana maana moja. Aliyeuawa kwa neno hawezi kulitetea. Yampasa anayelifasiri baadaye alichukue kwa mikono miwili.