Mkojo Mwekundu wa Mbwa

Mfugaji wa Kinna, jirani wa Mbuga ya Wanyama ya Meru, ajua vema kwamba ng'ombe akikojoa mkojo mwekundu, hiyo ni kazi ya kupe. Lakini mbwa alindaye zizi dhidi ya fisi akikojoa vivyo hivyo, watu husema kapigwa teke. Huenda ikawa kweli. Bali yafaa kuchunguza kwanza.

Kinga mkojo katika chupa ya kioo, uuache utulie saa chache. Damu ikizama na maji ya juu yakatakata, shuku jeraha, kijiwe au ugonjwa wa kibofu. Mkojo ukibaki mwekundu wote, au kama kahawa, tazama ufizi: ukiwa mweupe au wa manjano, na mbwa ana homa, yaelekea vijidudu viitwavyo babesia, viletwavyo na kupe, vinapasua chembe za damu. Matone yatokayo bila kukojoa ni jambo jingine: pengine jike ataka dume, au pana uvimbe uambukizwao kwa kupandana.

Daktari wa mifugo huhakikisha kwa tone la damu ya sikio juu ya kioo. Nawasihi, msimdunge mbwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia! Diminazini ikizidi kipimo huweza kudhuru ubongo wake, akafa.