ORS haihitaji maji ya moto

Wapo akina mama wanaochanganya ORS kwa maji ya moto wakidhani kwenye maji baridi haiyeyuki. Kweli maji ya moto huyeyusha upesi, kama sukari kwenye chai. Sukari na chumvi za ORS zikiyeyuka huchukua joto kutoka kwenye maji, ila dogo mno, hata mkono hauhisi. Pakiti ya mchanganyiko wa WHO wa mwaka 2002 ina gramu 20.5 tu, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa huiyeyusha yote ukikoroga. Usipunguze maji: chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Ukishachanganya usichemshe. Yakipita saa 24, mwaga. Mtoto akishindwa kunywa, mpeleke zahanati hata usiku.