Kuchagua Mtumbwi wa Kukalia Juu

Sisi wa Karatu tumezoea jembe na ng'ombe kuliko kafi. Lakini ukishuka ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mto wa Mbu, unaliona Ziwa Manyara. Huko wageni hupiga makafi mwaka ambao maji yanatosha. Vijana wetu wengi wanaongoza wageni, na wengine wanauliza: tukichanga fedha, tununue mtumbwi gani?

Tunaousema hapa ni mtumbwi wa plastiki uitwao kayaki, ule wa kukalia juu. Si kama mtumbwi wa gogo. Wa gogo una shimo. Maji yakiingia unajaa, na kazi inakuwa kuyatoa kwa kopo. Huu umefungwa pande zote kama dumu lenye kizibo, ndani mna hewa tu. Maji yakikurukia yanatoka yenyewe kwa matundu yaliyopenya toka juu hadi chini. Ukipinduka hubanwi ndani. Unaugeuza, unapanda tena. Ndiyo maana unamfaa anayeanza. Ila kuloa utaloa.

Kwanza tazama upana. Mwembamba na mrefu unakwenda mbio, lakini unayumba. Mpana unakwenda polepole, na umetulia. Kwa matembezi, upana wa sentimeta 75 hadi 85 na urefu wa mita 3 hadi 3 na nusu unatosha. Muuzaji atakusifia mbio. Mbio za nini, jamani, na mtu hajui kuogelea?

Halafu uzito. Kila mtumbwi una kipimo chake cha mzigo. Usikifikie. Tuseme wewe una kilo 75, na mzigo wako kilo 10. Jumla ni kilo 85. Mtumbwi wa kubeba kilo 90 utadidimia, maji yatapanda kwa yale matundu, nawe utakaa majini. Tafuta wa kilo 120 au zaidi. Wenyewe mtupu huwa na kilo 20 hadi 30, basi muwe wawili wa kuubeba. Kiangazi maji ya Manyara hurudi nyuma, na tope ni la kutosha.

Ukiuziwa uliokwisha tumika, utikise. Ukisikia maji ndani, huenda umepasuka. Kagua chini, pale ulipoburutwa.

Kila mtu awe na boya la kuvaa. Fedha zikipungua, punguzeni mitumbwi, msipunguze maboya.

Kabla ya kulipa, ujaribuni penye maji ya kifuani, pasipo viboko. Jiangushe kwa makusudi, kisha panda. Asiyeweza kupanda asiachwe aende peke yake. Na ndani ya hifadhi hakuna kuingia majini bila ruhusa ya wahifadhi. Yale madimbwi ya viboko ya kreta ya Ngorongoro msiyafikirie kabisa.

Mkimaliza, uosheni kwa maji baridi, kwa sababu maji ya Manyara yana magadi. Uwekeni kivulini. Jua kali huifanya plastiki ikakamae na kupasuka.