UGANDA: VIJIDUDU VYA KASESE

Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, magharibi ya Uganda, ulianza uzalishaji mwaka 1956. Shaba ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa. Unga wa mawe uliobaki, wenye chuma, salfa na kobalti kidogo, ulilimbikizwa Kasese, maana njia ya kuitoa kobalti hiyo kwa faida haikuwapo. Mgodi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenzetu wakatawanyika, na rundo la tani kama milioni moja likabaki linanyeshewa mvua.

Hapo kazi ilishikwa na vijidudu ambavyo wataalamu huviita bakteria. Havili sukari wala nyama. Nguvu zao huzipata kwa kuunguza, kwa hewa tu, chuma na salfa (salfa ile ile wanayoijua wakulima wa korosho), na wanachoacha nyuma ni tindikali ya aina iliyomo katika betri ya lori. Vijidudu vya maziwa ya mgando navyo hutengeneza ukali, lakini ukizidi huvishinda vyenyewe. Hivi vya mgodini, bila ukali haviishi! Wamarekani Colmer na Hinkle walivieleza mwaka 1947, baada ya kuchunguza maji yatokayo migodi ya makaa ya mawe.

Huko Kasese maji hayo makali yalitiririka yakaingia katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth, kuelekea Ziwa George. Palipopita, majani yalikufa, ardhi ikabaki tupu.

Mwaka 1999 kiwanda kikafunguliwa ili kuvitumia vijidudu hivyo hivyo. Unga wa rundo ulitiwa maji katika matangi makubwa, ukakorogwa mchana na usiku huku ukipulizwa hewa. Joto liliwekwa kwenye nyuzi kama 42, na vijidudu vikapewa chakula kisicho kigeni kwa mfanyakazi wa shamba: mbolea. Baada ya siku chache kobalti ilikuwa imeyeyukia majini. Chuma kiliondolewa kwa chokaa, kisha kobalti ikanaswa kwa umeme. Hakukuwa na tanuru, wala moshi wa salfa wa kuwakaba wafanyakazi kifua, na hilo si jambo dogo kwa aliyewahi kusimama mbele ya tanuru la shaba. Lakini tindikali ni tindikali: bila miwani, glovu na viatu vya mpira, mtu asikubali kusogelea tangi.

Rundo lilikwisha, na mwaka 2013 uzalishaji ukasimama. Uchafu mmoja ulikuwa umegeuzwa mali.

Lakini juu bondeni, Kilembe kwenyewe, yapo marundo mengine ya mabaki ya mgodi, kando ya mto Nyamwamba, na watu wanalima karibu nayo. Mafuriko ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, yaliubomoa ukingo na kusomba mabaki hayo kwenda chini. Huko hakuna tangi wala chokaa. Vijidudu vinaendelea na kazi kila mvua inaponyesha, na waliouchimba mgodi ule wamekwisha ondoka.