KUPANGA SAA ZA SIKU

Mara nyingi twasikia watu wazima, wenye afya na akili zao, wakisema, "Sina nafasi." Mwalimu asema hana nafasi ya kulima, mkulima asema hana nafasi ya kusoma barua ya mwanawe, na karani, kama mimi, asema hana nafasi ya jambo lo lote. Nakusudi kueleza hapa habari ya kupanga saa za siku, si kwa kuwa mimi ni fundi wa jambo hili, bali kwa kuwa nalijaribu nikakosea, na kosa lenyewe lafaa kujulikana.

Kwanza tutazame siku yenyewe. Watu wa London, wakati wa baridi, huona mchana wa saa nane tu, na wakati wa joto mchana wao hupita saa kumi na sita. Kwetu sisi tukaao karibu na Ikweta mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Hata Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki saa nzima. Ndiyo maana hesabu yetu ya saa, ianzayo jua linapochomoza, haituchanganyi. Na mtu asiye na saa mfukoni aweza kupanga kazi zake kwa kivuli cha mwembe, wala asikosee sana.

Basi kila kazi ina wakati uifaao. Jembe lataka ubaridi wa asubuhi. Hesabu na kuandika kwataka nuru na akili isiyochoka, kwa hiyo ni hasara kuviacha mpaka wakati wa taa. Lakini kupukuchua mahindi, au kusuka ukili, mikono yaweza kufanya huku watu wakizungumza, na kazi za namna hiyo ziwekwe jioni, wakati jamaa wote wamekusanyika. Mtu asiyetenga kazi hivi huenda akalima jua la utosi na kuandika gizani, kisha akasema siku ni fupi.

Sasa nieleze habari za mtu mmoja wa Marekani, jina lake Benjamin Franklin, aliyezaliwa mwaka 1706 akafa mwaka 1790. Alikuwa mpiga chapa katika mji wa Philadelphia. Katika kitabu cha maisha yake alionyesha saa zake zote ishirini na nne. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akanawa, akasali, akapanga shughuli za siku, akasoma, akala. Saa mbili alianza kazi mpaka saa sita. Kisha saa mbili za kula na kusoma au kukagua hesabu zake; na tangu saa nane kazi tena mpaka saa kumi na mbili. Jioni alirudisha vitu mahali pake, akala, akapata muziki na mazungumzo, akajihoji juu ya matendo ya siku ile. Saa nne alilala.

Nilipoisoma habari hii nalipendezwa mno. Nikatwaa karatasi, nikapiga mistari, nikaandika saa zangu: kuoga, kazi ya ofisi, kusoma, kucheza bao na rafiki zangu barazani, kulala. Nikaibandika ukutani. Shamba sikuliandika, kwa kuwa, nalijiambia, karani hawezi yote.

Haukupita mwezi nikaletewa barua na mwalimu wa binti yangu, kwamba mtoto huchelewa shule karibu kila siku. Nikamwita nikamkemea kwa ukali. Akanyamaza. Mama yake ndiye aliyejibu: "Baba watoto, karatasi yako yasema utaoga saa kumi na mbili na nusu. Mimi saa hiyo niko shambani, maana wewe shamba umelifuta. Je, maji hayo huletwa na nani kutoka kisimani? Na saa zangu mimi umeziandika wapi?"

Sikuwa na neno. Nikarudi kukisoma kile kitabu, nikaona jambo ambalo mara ya kwanza nalilipita. Mkewe Franklin, Deborah, aliangalia duka, alikunja na kushona vijitabu, alinunua matambara makuukuu ya kutengenezea karatasi. Mumewe amemsifu kwa hayo. Lakini katika ile orodha ya saa hayumo. Tena Franklin mwenyewe akiri kwamba utaratibu ndio uliomtaabisha kuliko yote, kwa sababu mwenye biashara hana budi kuwapokea watu kwa saa zao wenyewe. Nadhani kila mkubwa wa kijiji alijua hayo bila kusoma kitabu: mwenye shauri huja anapolipata.

Tukaketi, mimi na mke wangu, tukaandika upya. Safari hii karatasi ina safu tatu: yangu, yake, na ya watoto, na kazi za nyumba ziliandikwa kabla ya kazi ya ofisi. Maji nayachota mimi jioni kwa baiskeli, madebe mawili, yakalala mtungini mpaka asubuhi. (Jirani walicheka siku tatu, wakachoka.) Siku mbili kwa juma nalima tangu mapambazuko mpaka wakati wa kwenda ofisini, naye hubaki nyumbani akasuka mikeka yake, kazi aipendayo sana. Saa moja ya alasiri tumeiacha tupu, haina kazi, kwa ajili ya mgeni, au mgonjwa, au mbuzi aliyekata kamba. Na mvua za kwanza zikinyesha karatasi yote hulala mpaka mbegu ziwe ardhini, kwa kuwa mvua haingoji mistari ya karani.

Bao langu limepungua, sasa ni Jumamosi na Jumapili tu. Binti huondoka nyumbani kabla sijamaliza kuoga. Juma lililopita mgeni alifika katika ile saa tupu, akaomba tucheze. Akanifunga mara mbili.